Mgeni Asiyekula

Wanaodai kwamba Jamhuri ya Shibe ni nchi ya kubuni hawajawahi kupanga foleni katika Wizara yake ya Wageni na Majembe. Foleni ile ipo. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kumuumiza mtu miguu kiasi kile.

Ni nchi njema, tusiiseme vibaya. Ina milima, ina mito, ina barabara ya lami kutoka uwanja wa ndege mpaka Ikulu, na ina methali. Mataifa mengine yana sheria za uhamiaji, makabati kwa makabati. Shibe ina methali moja, imechongwa kwa herufi za shaba juu ya lango la Wizara: MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE. Waasisi wa taifa walikuwa watu wa vitendo, wakaona maneno mengine ya nini. Basi kila mgeni anayevuka mpaka hulishwa wali na kuimbiwa ngonjera siku mbili, na siku ya tatu asubuhi ofisa humkabidhi jembe, jembe la kweli, lenye nembo ya taifa kwenye mpini. Mgeni awe mkunga, awe fundi saa, awe mwalimu wa hesabu, hilo ni lake na Mungu wake. Jembe anapewa na risiti anatia saini.

Sikudhani alipewa jembe lake alipovuka mto akiwa msichana, akiikimbia nchi yake, ambayo nayo ina wasimulizi wake na hatutaki kuwanyang'anya kazi. Hakulima hata siku moja. Shamba hakuwa nalo. Alipata kazi ya kufua bendera. Shibe ni nchi inayopenda bendera, zipo kila nguzo na kila choo cha umma, na vumbi la mji halina uzalendo hata kidogo. Kila siku Sikudhani alikuwa kiguu na njia: anazikusanya, anazifua, anazipiga pasi, anazirudisha. Mshahara wake ulikuwa nusu fedha na nusu heshima, kama mkataba ulivyoeleza. Heshima ilikuwa haicheleweshwi kamwe.

Aliolewa na mwananchi, fundi baiskeli aitwaye Kombo, mtu wa mzaha na mikono ya grisi, na wakapata binti wakamwita Tunu. Kombo akafa kwa maendeleo. Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo cheti cha kifo kinavyosema. Alikuwa akipita chini ya Bango la Maendeleo, lile kubwa linaloonyesha hospitali itakayojengwa, upepo ukavuma, bango likamshukia. Hospitali ilikuwa bado kujengwa, kwa hiyo hakukuwa na pa kumkimbiza. Serikali ilisikitika sana, ikasimika bango jingine, na ikamwamuru mtunza bohari wa mtaa ampe yatima kibaba cha unga kila wiki hadi atakapokuwa mtu mzima. Kiliitwa Kibaba cha Faraja.

Mambo yakaenda hivyo, si mazuri si mabaya, mpaka siku redio ilipotangaza kwamba mgeni yeyote ambaye hatakuwa na Cheti cha Ukaazi wa Kudumu masika yatakapokwisha atasindikizwa ng'ambo ya mto kwa nyimbo zilezile alizopokelewa nazo. Watoto waliozaliwa na wananchi hawataguswa. Wao ni wa taifa, watabaki na taifa, katika Nyumba ya Watoto wa Taifa.

Sikudhani aliijua nyumba hiyo. Alikuwa akifua bendera yake. Kila alipokwenda kuirudisha aliwakuta watoto wamepangwa uani kwa urefu, wakiimba kwamba wameshiba, na hakuna aliyekuwa akitazama mahali popote. Usiku ule wa tangazo alimtazama Tunu amelala, mguu mmoja nje ya shuka kama baba yake alivyokuwa akilala, na moyo wake ukapanda juu ukakataa kushuka. Haukushuka tena kwa muda mrefu.

*

Masharti ya cheti yalikuwa mawili tu, na karani wa dirisha la kwanza, Bi Mwanaidi, mama mpole mwenye mafua yasiyoisha, aliyataja bila kusoma popote. Mgeni awe na kipato cha kutosha. Mgeni asiwe mzigo kwa taifa.

"Shikamoo, bi mkubwa," Sikudhani alisema.

"Marahaba. Jembe."

Sikudhani alilipitisha dirishani. Bi Mwanaidi akapitisha kidole gumba kwenye bapa lake, akapiga chafya, akatikisa kichwa.

"Halijalika hili."

"Mimi nafua bendera, bi mkubwa. Bendera hazilimwi."

"Najua, mwanangu, hiyo hapo nyuma yangu umeifua wewe, inanukia vizuri. Lakini kipato cha mgeni hupimwa kwa jembe. Jembe likilika, mtu amefanya kazi. Likiwa jipya, mtu amekaa. Si mimi niliyepanga."

"Nina barua ya mshahara."

"Nimeiona. Nusu heshima. Heshima hatuna mzani wake hapa." Akalirudisha jembe. "Nenda kalitumie kidogo."

Nyuma ya Wizara kuna Mtaa wa Mawe. Ukipita hapo mchana utasikia kelele za chuma zinazotia meno ganzi, maana vijana wamekaa mistari miwili, kila mmoja na jiwe lake, wakisugua majembe ya wageni mpaka yapate sura ya jasho. Fundi anayesifiwa kuliko wote ni mpimaji majembe wa Wizara yenyewe, ambaye hufika hapo saa za kazi zikiisha, na wakati mwingine kabla. Anajua kiwango, watu husema, kwa sababu kiwango ni yeye.

Sikudhani hakuwa na cha kumlipa. Akasugua mwenyewe, kizingitini, alfajiri kabla ya kwenda kuzifuata bendera na jioni akirudi. Tunu alishika mpini. Majirani wakalalamika kwamba hawapati usingizi wala mazungumzo. Sikudhani aliomba radhi na kuendelea kusugua. Mikono yake ilikuwa haitulii tena, hata akiwa ameketi ilikuwa ikienda mbele na nyuma juu ya magoti.

Aliporudi dirishani jembe lilikuwa limebaki kama kijiko.

"Hee!" Bi Mwanaidi alisema. "Hili limelika mno."

"Nimefanya kazi, bi mkubwa."

"Umefanya hadi umepitiliza. Mtu mwenye kipato angekuwa ameshanunua jembe jingine. Hili ni jembe la maskini." Alishusha sauti, maana alikuwa na huruma, na huruma ya Wizara husemwa kwa sauti ya chini. "Linatakiwa liwe limelika, lakini lionekane kwamba mwenyewe hakushindwa kununua jipya. Unanielewa?"

Sikudhani hakuelewa, ila aliitikia kwa adabu. Wakati huo huo mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia mgeni aliyefika Shibe Jumatatu. Jembe lake lilikuwa limebebwa na dereva wa Wizara, bado limo ndani ya nailoni yake. Mgeni huyo alikuwa mwekezaji. Alipewa cheti akiwa amesimama, pamoja na bonde moja, maji ya mto unaopita katika bonde hilo, na msamaha wa kodi mpaka wajukuu zake watakapoota meno. Wakampigia makofi, naye akatazama saa.

"Na yule si anapewa?" Sikudhani aliuliza mlango ulipofungwa.

"Yule anapewa motisha. Wewe unapewa msaada."

"Tofauti yake nini?"

Bi Mwanaidi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Motisha huletewa mtu alipo," alisema. "Msaada unaufuata mwenyewe na chombo."

Akagonga mhuri kwenye ombi la Sikudhani, kwa huruma, akaandika kwamba jembe linaridhisha likitazamwa kwa mbali. Kisha akafunua ukurasa wa pili, akakutana na Kibaba cha Faraja, na mkono wake ukasimama.

"Pole, mwanangu," alisema. "Itabidi upande juu kwa Dakta."

*

Juu ni ghorofa ya tisa, na lifti ya Wizara haitumiki tangu ilipozinduliwa, ili utepe usichafuke. Dakta Ngwilizi, Mkurugenzi wa Idara ya Mizigo, alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri na kidevu cha kupumzikia. Udaktari wake ulikuwa wa mizigo. Alikuwa ameandika tasnifu kuhusu uzito wa mgeni mmoja kwa taifa, akiwa peke yake na akiwa na ndugu.

"Mama," alianza, na mara moja akasimama kama yuko jukwaani, "haba na haba hujaza kibaba. Sivyo? Na kibaba na kibaba hujaza nini? Hujaza wageni! Wewe unakula unga wa taifa."

"Ni wa mtoto, mheshimiwa. Mtoto ni mwananchi. Baba yake aliangukiwa na bango."

"Taifa linakumbuka. Na huyo mtoto hupikiwa na nani?"

"Na mimi."

"Ugali ukiiva, harufu inamfikia nani kwanza?"

Sikudhani hakujua kwamba harufu nayo inaandikwa, lakini mwandishi wa Dakta alikuwa ameshaiandika.

"Basi nitaacha kukichukua," alisema. "Nitahangaika."

"Hapo utakuwa umemnyima mwananchi haki yake. Kosa la jinai hilo, utavushwa mto kesho."

"Kama ningepandishwa mshahara, mheshimiwa, mtoto asingekistahili, na wala nisingekihitaji."

"Wazo zuri sana!" Dakta alifurahi kwa dhati. "Mfua bendera hupandishwa mshahara mara tu anapopata ukaazi wa kudumu. Lete cheti chako tukupandishe."

"Nipeni basi cheti."

"Ukiacha kuwa mzigo."

Pale Sikudhani aliona kizunguzungu, akashika meza. Mwandishi aliandika pia kwamba mwombaji ameegemea mali ya serikali. Sikudhani alitamani kupiga kelele, alitamani kumrukia yule mtu na kukitikisa kile kidevu. Badala yake alisikia sauti yake ikiuliza, kwa upole uliomtia hasira yeye mwenyewe, sasa afanyeje.

"Thibitisha," Dakta alisema, "kwamba mtoto hula peke yake. Kwamba hata tonge moja la ugali ule halijawahi kupita koo la kigeni. Tutakuletea mkaguzi saa ya chakula. Usimwandalie chochote. Yeye atatazama tu."

*

Hapa ni lazima tueleze desturi moja ya Shibe, kwa faida ya wale wanaotoka nchi ambazo watu hula wamefunga milango.

Katika Shibe, anayekukuta unakula humwambii kitu isipokuwa karibu. Unamkaribisha mara tatu. Yeye hukataa mara mbili kwa adabu, na ya tatu hunawa mikono, maana kukataa mara tatu ni sawa na kusema kwamba chakula chako kina sumu. Tena akishakula, yale matonge yake huyahesabu, huyasemi, hata mkigombana mahakamani. Mwenye nyumba aliyetaja alichokula mgeni wake hana tena pa kuficha uso. Sikudhani alikuwa ameishi humo tangu usichana, amemzikia humo mume wake, na desturi ilishamwingia kama chumvi.

Mkaguzi aliitwa Bwana Makungu. Alikuwa mwembamba, koti lake limemzidi mabega, na viatu vyake alivipiga rangi vizuri sana mahali palipobaki ngozi. Wakaguzi wa Idara ya Mizigo walikuwa hawajalipwa muda mrefu, kwa kuwa fungu lao lilitumika kwenye semina ya kujitegemea. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, akatoa kalamu, akatangaza kwamba yuko kazini na yeye hayupo.

Tunu alinawa. Sikudhani akaweka sinia chini: ugali, mchicha, dagaa wa kukaanga na nyanya moja. Mvuke ukapanda. Bwana Makungu alimeza mate, akasikika.

Tuseme ukweli, Sikudhani hakufikiri. Alikuwa akipita na kata ya maji, mtu yuko mlangoni, chakula kiko chini. Mdomo ulisema wenyewe.

"Karibu, bwana mkaguzi."

"Asante, nimeshiba asante niko kazini," Bwana Makungu alisema, akikataa mara mbili kwa pumzi moja, na akamtazama akisubiri ya tatu.

Sikudhani alielewa wakati huo alichofanya. Aliuona mto, aliwaona watoto waliopangwa kwa urefu. Kisha akaiona shingo ya yule mwanaume, jinsi ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola, na akaona aibu, na akaona hasira kwa kuona aibu.

"Karibu bwana, jongea," alisema.

Bwana Makungu alikula kama mtu anayehama. Mwanzo alikuwa akimega kwa heshima upande wake, baadaye sinia halikuwa na upande. Tunu alirudisha mkono na kukaa akimtazama kwa mshangao. Sikudhani akarudi jikoni, akachota unga uliokuwa wa siku zilizobaki za wiki, akasonga mwingine. Ule nao ukaenda nusu. Bwana Makungu alipojilamba vidole macho yake yalikuwa na machozi, na si ya pilipili.

"Mama Tunu," alisema, "Mungu akuzidishie."

Halafu akakumbuka yuko kazini. Akapima unga uliobaki kwenye kopo, akautazama muda mrefu, akamtazama mtoto, akaona kwamba hesabu ya tumbo la mtoto na hesabu ya kopo hazipatani. Hakuwa mwongo, hilo tumpe. Aliandika: *Walaji walizidi mmoja.* Akaaga, akasahau kofia, akairudia bila kumtazama mtu.

*

Tume ya Matonge ilikaa wiki iliyofuata. Wajumbe walikuwa watatu, na Dakta Ngwilizi mwenyekiti. Mbele yao kulikuwa na bakuli la korosho la posho ya kikao, na korosho hizo zilitafunwa tangu kufunguliwa kwa shauri mpaka kufungwa. Bwana Makungu alisimama pembeni akiwa na jasho juu ya mdomo. Mpiga picha wa Wizara alikuwepo, kwa sababu mpiga picha wa Wizara yuko kila mahali.

"Walaji walizidi mmoja," Dakta alisoma. "Chumbani walikuwa watu wangapi, mama?"

"Watatu, mheshimiwa."

"Mtoto, wewe, na mkaguzi aliyekuwa kazini. Mtoto alikula kihalali. Nani mwingine alikula?"

Vidole vya Sikudhani vilikuwa vimeshika pindo la khanga na kulikunja pembe kwa pembe, kama anavyokunja bendera, kulikunjua, kulikunja tena. Akimtaja Makungu, amehesabu matonge ya mgeni, na mtu asiye na adabu za Shibe hafai kudumu Shibe. Asipomtaja, basi mlaji ni yeye. Alimtupia jicho Makungu, naye Makungu alikuwa akiitazama dari kama anayetafuta jamaa yake huko.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Chakula kililiwa, mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Zaidi ya hapo siwezi kusema, na nyie wenyewe mnajua kwa nini siwezi."

Wajumbe walitazamana. Walijua. Mmoja alikohoa korosho. Lakini kujua hakukuwa miongoni mwa ajenda, na Dakta akaagiza mtoto aitwe.

Tunu aliingia na sare ya shule iliyopigwa pasi kama bendera. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Alimtazama mama yake, akamtazama Bwana Makungu, na kila mtu mle ndani aliona kwamba hakusahau hata tonge moja.

"Usiogope, mwananchi," Dakta alisema kwa sauti ya jukwaani. "Mama yako hula pamoja nawe?"

"Hapana."

"Hula chakula chako?"

"Hapana."

"Sasa yeye hula saa ngapi?"

"Sijui." Tunu alifikiri. "Sijawahi kumwona mama akila."

Mmoja wa wajumbe alicheka. Tunu hakucheka.

"Kila nikimwambia tule, anasema ameshakula. Nikimuuliza wapi, anasema kazini. Lakini kazini kwake kuna sabuni tu."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa uongo wa mtoto, alikuwa ameshamsamehe tayari, na kumbe mtoto hakusema uongo. Miaka yote hiyo alikuwa akila ukoko nyuma ya jiko, amesimama, Tunu akiwa amekwenda kuosha vyombo, na alidhani ni siri yake na sufuria. Iliuma kuliko swali lolote la Dakta. Alilia pale pale, bila sauti, na mpiga picha akampiga picha.

Dakta Ngwilizi alikuwa amesimama. Kidevu chake kilitetemeka kwa hisia.

"Waheshimiwa!" alisema. "Tangu uhuru tumemtafuta mtu huyu! Tumekuwa na mgeni anayekula sana, mgeni anayekula kidogo, mgeni anayekula na watoto. Leo, katika utawala huu, mbele ya macho yetu, amepatikana mgeni asiyekula kabisa! Mzigo wake kwa taifa ni upi? Hana! Kipato chake kinatosha? Asiyekula anahitaji kipato cha nini?"

"Na unga uliopungua?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Panya."

Ikaandikwa kwamba unga uliliwa na panya ambaye uraia wake haukuthibitishwa. Bwana Makungu alitoa pumzi ndefu, akakaa chini bila kuambiwa.

*

Ndipo Sikudhani akawa maarufu. Picha yake akilia ilibandikwa kila nguzo chini ya bendera alizozifua mwenyewe, na maneno haya: KUWA KAMA SIKUDHANI. Wageni wengine kwenye foleni walimtazama kwa chuki ya haki kabisa, maana sasa kila aliyefika dirishani aliulizwa kwa nini yeye anakula. Sokoni, akishika nyanya, watu walisogea. "Ni za mtoto hizo?" waliuliza. Alisema ndiyo. Hata ukoko sasa aliula amefunga mlango na dirisha, akisikiliza hatua za watu nje, na mara nyingi aliuacha njiani kwa sababu alisikia mtu akipita. Akakonda. Wizara ikatuma mpiga picha mara ya pili, kwa kuwa katika ile picha ya kwanza alionekana ana mashavu.

Cheti kilikuwa bado. Kingetolewa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, katika dhifa ya kitaifa kwa heshima ya Mgeni Asiyekula. Masika yalikuwa yanakatika na kila asubuhi Sikudhani aliamka na kutoka nje kutazama mawingu kabla hajanawa uso.

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa, wageni waalikwa wakaja na wake zao na vyombo vya kubebea mabaki. Kulikuwa na pilau ya mbuzi, mbuzi wengine wa kuchoma wakiwa wazima wazima, kachumbari, sambusa, maandazi ya iliki, na juisi za rangi tatu za taifa. Sikudhani aliketishwa meza kuu katikati ya Waziri na Dakta. Kila mtu alikuwa na sahani mbele yake, isipokuwa mbele ya Sikudhani palikuwa na ua. Tunu, kwa kuwa ni mwananchi, alipewa sahani iliyojaa mpaka inamwagika, kwenye kiti cha ubavuni mwa meza.

Waziri alihutubia. Alisema Shibe ni nchi yenye moyo mkubwa, na moyo mkubwa unahitaji nafasi, kwa hiyo matumbo yapungue. Alisema wapo wanaotuita wachoyo, na hao waje waone meza hii. Kisha akamkabidhi Sikudhani Cheti cha Ukaazi wa Kudumu, chenye mhuri mwekundu na utepe, na mwongoza sherehe akamnong'oneza kwamba kwa mujibu wa itifaki atakishika kwa mikono miwili, kifuani, mpaka Waziri amalize kula. Akakishika. Kilikuwa chepesi. Alitegemea moyo wake sasa utashuka, akausubiri, lakini ulibaki palepale juu, unadunda, na harufu ya mbuzi ilikuwa ikimpiga usoni kama mlango.

Watu walikula. Waziri alikula kwa utaratibu wa serikali, taratibu na bila kukoma. Dakta alinyonya mfupa. Sikudhani alitazama mbele akitabasamu kama alivyoagizwa, na mbele yake jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya mezani likaanza kucheza.

Tunu hakuwa amegusa chake. Alikuwa akimtazama mama yake. Akakunja mkono wa sare, akamega pilau, akaibana vizuri kwenye vidole, akashuka kitini na kuja mpaka mbele ya meza kuu.

"Mama, fungua kinywa."

Kamera zote ziligeuka.

"Nimeshakula, mwanangu," Sikudhani alisema. Hata hakufikiri, yalitoka yenyewe.

"Umekula wapi?"

Sauti ya Tunu haikuwa ya ukali wala ya kulia. Aliuliza kama anayetaka kujua. Mifupa ikasikika ikiwekwa chini. Sikudhani alitafuta jibu. Alikuwa nayo mengi, ya kila siku, yaliyokunjwa vizuri, na safari hii hakuliona hata moja. Mbele yake palikuwa na mkono mdogo uliojaa pilau, umeanza kutetemeka kwa kuchoka, na mafuta yanateremka mpaka kwenye kiwiko.

"Bi Sikudhani," Dakta Ngwilizi alinong'ona bila kusogeza midomo, "usithubutu."

Sikudhani alifungua kinywa.

Alitafuna polepole. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo na wali ulikuwa mtamu. Waziri alibaki na kijiko hewani. Huko nyuma mtu alipiga chafya kubwa, halafu akaanza kupiga makofi peke yake, na akanyamazishwa. Dakta alinyoosha mkono akakamata ukingo wa cheti, akavuta. Sikudhani hakuachia. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kwa mujibu wa itifaki, na mikono ya mfua nguo ina nguvu. Wakavutana pale kimya kimya mbele ya taifa, huyu anavuta, huyu anatafuna, utepe umekaza kati yao.

Alimeza. Akamwinamia binti yake.

"Nipe na nyama," alisema.